Ukosi Wenye Rangi ya Kutu: Utambuzi wa Kozi wa Taita

Kozi mgeni machoni hutambuliwa kwanza kwa umbo, ndipo rangi ifuate. Mabawa yake ni membamba yenye ncha kali, tofauti na ya mwewe, ambayo ni mapana na huonekana kama yana vidole. Jicho la kozi ni jeusi au kahawia iliyokolea, na karibu kila aina ina ngozi isiyo na manyoya inayolizunguka. La mwewe mara nyingi ni la manjano. Ukingo wa mdomo wa juu una kijino, ambacho kozi hukitumia kuvunja shingo ya mawindo. Alama hizi zikikosekana, hakuna haja ya kuhesabu mistari ya kifuani.

Kazi ngumu huanza baada ya hapo, na kozi wa Taita, Falco fasciinucha, ni mfano mzuri. Reichenow na Neumann walimpa jina mwaka 1895 kutokana na ndege aliyepatikana Taita, nchini Kenya. Ni kozi adimu, anayepatikana hapa na pale kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, hasa penye magenge na makorongo. Korongo la Batoka, chini ya Maporomoko ya Victoria, ni mojawapo ya makao yake yanayojulikana zaidi.

Ni mdogo lakini mnene: urefu wake haufiki sentimita 30, dume ana uzito wa gramu 200 na ushei, na jike hukaribia 300 au kuzidi kidogo. Mkia ni mfupi, kwa hiyo akitua ncha za mabawa hufika karibu na mwisho wake. Hupiga mabawa haraka na kwa ukakamavu, hata watazamaji wengi humfananisha na kasuku. Mfano huo una ukweli wa ziada usiokusudiwa, kwani uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba jamii ya kozi ina undugu wa karibu zaidi na kasuku kuliko na tai.

Koo na mashavu ni meupe, yakikatwa na mstari mweusi kama sharubu. Kifua na tumbo ni vya rangi ya kutu. Ukosini, juu ya weusi wa kichwa, kuna mabaka mawili ya rangi hiyohiyo, na ndiyo yaliyompa jina la kisayansi.

Wa kuchanganywa naye ni wawili. Falco cuvierii naye ana tumbo la kutu, na kwa urefu wanalingana. Ila ni mwembamba, mabawa yake ni marefu zaidi, shavu lake si jeupe, na ukosi hauna mabaka. Falco peregrinus hukaa kwenye magenge yaleyale, lakini ni mkubwa zaidi, na tumbo la aliyekomaa lina mistari ya kukingama. Umri nao hupotosha: chipukizi wa kozi wa Taita ana michirizi kifuani, na manyoya ya mgongoni yana kingo hafifu.

Mwanga wa jioni hugeuza tumbo jeupe likaonekana la kutu. Kwa sababu hiyo, rangi ya tumbo peke yake si ushahidi. Pale ukosi usipoonekana wala ukubwa kupimika, daftari liandikwe “kozi” tu, bila jina la aina.