Mlango wa iniversite ni wa nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji)



Leo sikuja kusema juu ya mishahara. Nimekuja kusema juu ya watoto. Mtu anashuka mgodini miaka makumi mbili, anatoka na kikohozi. Ukimuuliza: juu ya nini unavumilia? Anajibu: mtoto wangu asome. Basi tuulize: mtoto huyu akimaliza shule, nani anamfungulia mlango wa iniversite, na kwa sheria gani?

Tukumbuke kwanza mambo ya zamani. Iniversite ya Lovanium, karibu na Léopoldville, ilifunguliwa mwaka 1954. Ile ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifunguliwa mwaka 1956. Zote mbili zilipokea Wazungu na watu weusi. Lakini kule Elisabethville wanafunzi wengi walikuwa Wazungu. Juu ya nini? Kwa sababu mlango ulitaka diploma ya sekondari kamili, na shule za namna ile watoto wetu walizipata kwa kuchelewa sana. Shule zao nyingi ziliishia kwa kazi ya mikono, ukarani na ualimu. Siku ya Uhuru, tarehe 30 juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya iniversite hawakupita 30.

Mnaona, wandugu? Sheria iliandikwa moja kwa wote, lakini ufunguo walipewa wachache. Lovanium yenyewe iliona jambo hili, ikaweka mwaka wa kutayarisha wanafunzi mbele ya kuanza masomo makubwa.

Nyuma ya Uhuru, katika miaka ya 1960, Serikali iliweka mtihani mmoja kwa inchi nzima. Mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchimbaji wanaandika mtihani uleule. Anayepata 50 kwa 100 anapata diploma. Hilo ni jambo jema, tusilitupe. Lakini mmoja alisoma na vitabu na taa, mwingine alikaa chini bila benchi, na wazazi wake ndio waliochanga feza za mwalimu. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za Serikali ni bure, lakini sekondari na iniversite bado zinalipisha. Mtu anaweza kushinda mtihani na kushindwa na feza.

Katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, walijaribu dawa nyingine: nafasi za iniversite ziligawanywa kwa mikoa. Wengine walisema: mkoa wenye shule chache usaidiwe. Wengine walilia: mtoto wangu ana maksi nyingi, anaachwa kwa ajili ya mahali baba yake alikozaliwa. Wote wawili walikuwa na neno. Ubaya wa dawa ile ni huu: iliuliza mkoa, haikuuliza umaskini. Mtoto wa tajiri wa mkoa wenye shule chache aliweza kupita, na mtoto wa maskini wa mkoa mwingine akabaki nje. Tena ilifundisha vijana kuhesabiana kwa makabila, na matunda yake machungu tumeyala sisi hapa.

Basi tutake nini? Kwanza, majina ya waliopokelewa yabandikwe ukutani pamoja na maksi zao, kila mtu asome. Aliyekataliwa aambiwe sababu. Pili, watoto wa shule maskini wapewe mwaka wa kutayarishwa, wa mkoa wowote na wa kabila lolote. Tatu, feza za kulipa zijulikane mapema, na kila franka ipate karatasi yake.

La nne ni letu sisi wenyewe. Tusitoe matabishi. Najua, baba mmoja atasema: nisipotoa, jirani atatoa. Lakini nafasi unayonunua haikuwa tupu. Ulimtoa mtoto wa mwenzako, ambaye labda mnashuka naye mgodini kila asubuhi. Na ukiugua kesho, daktari atakayekupasua tumbo, unapenda awe yule aliyeshinda mtihani, au yule aliyenunua nafasi?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mzazi mmoja akienda kuuliza orodha, watamfukuza. Tukienda mia moja, wataibandika. Mwaka huu matokeo yakitoka, twende pamoja.