Miguu ya Wagonjwa wa Kisukari: Tusisubiri Kidonda



Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kupunguza damu inayofika vidoleni. Ganzi inaingia taratibu. Mtu huchomwa na mwiba akichunga ng'ombe upande wa Ikoma, au jiwe linaingia kwenye raba akiwa shambani Nyamwaga, naye anatembea nalo hadi jioni. Msumari hutoboa katambuga, hasikii. Funza hutolewa kwa pini chafu. Milimani Tarime kuna baridi, watu huota moto, na mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kuusogeza. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Wanaolala chumba kimoja na magunia ya mahindi, ambayo huvuta panya, jambo hili linawahusu.

Nikazie sugu, maana tunaidharau. Sugu hukandamiza nyama iliyo chini yake. Kidonda huanzia ndani huku juu pakionekana pazima. Mgonjwa huichukulia wembe nyumbani, au huloweka mguu kwenye maji ya moto ya chumvi. Vyote viwili ni hatari. Kuipunguza ni kazi ya aliyefunzwa, kwa kisu kilichotakaswa.

Uingereza wapo wataalamu waliosomea miguu peke yake. Sisi tuna muuguzi na tabibu, nao wanatosha kuanzia. Ndio waliolengwa na Step by Step, mpango wa huduma ya miguu ya wagonjwa wa kisukari ulioanza kutoa mafunzo nchini Tanzania mwaka 2004: daktari na muuguzi wake walifundishwa pamoja, wakarudi kituoni kwao na ujuzi.

Kliniki zetu hupima uzito, presha na sukari. Kwenye mizani mgonjwa anavua viatu, akishuka anavivaa, na mara nyingi hakuna aliyetazama nyayo. Hapo ndipo pa kumkalisha. Kagua katikati ya vidole, papasa mapigo ya damu, ingiza mkono ndani ya kiatu. Kisha afumbe macho, umguse kidogo kwa ncha ya kidole chako kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, ana ganzi. Kipimo hiki kilitoka Ipswich, Uingereza, na hakihitaji kifaa chochote. Aliyewahi kuwa na kidonda aonwe kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu.

Mguu uliovimba na kuwa wa moto, kidonda kinachonuka au kidole cheusi: rufaa siku hiyohiyo, si baada ya kumaliza dozi ya vidonge.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya za Tarime na Serengeti ni hili: daftari la kliniki liongezewe safu ya miguu, na kila kituo kiwe na muuguzi mmoja aliyefundishwa kupunguza sugu.