MNUNUZI MGENI NA MALIPO YA SIMU
(Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya msingi, Handeni na Korogwe)



Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila msimu wa machungwa, wanunuzi kutoka Kenya huvuka mpaka wa Horohoro wakaja hadi mashambani. Wengi wao wametoka katika nchi ambayo, tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, watu wamezoea kulipia hata nauli na mboga kwa simu. Mgeni wa namna hiyo ana fedha simuni, lakini mfukoni hana noti.

Hapo ndipo shida inapoanza. Fedha iliyomo katika laini ya Kenya kwa kawaida haitolewi kwa wakala wa Mkata au Korogwe. Hata hivyo, tangu 2015 mwenye laini ya Safaricom aweza kuituma kwa mwenye laini ya Vodacom hapa nchini, nayo hufika ikiwa shilingi ya Tanzania. Mgeni aweza pia kusajili laini ya hapa kwa pasipoti na alama za vidole. Njia zipo, kinachotakiwa ni utaratibu.

Kwanza, bei itajwe kwa shilingi ya Tanzania. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei au kupokea malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa zinazouzwa nchini. Aidha, ielezwe mapema nani atakayebeba gharama za kutuma na kutoa, ili mkulima aliyekubaliana shilingi laki tano asiambulie pungufu.

Pili, ujumbe wa simu si fedha, kwani huweza kughushiwa. Kabla lori halijaondoka, mpokeaji aangalie salio lake yeye mwenyewe. Lori likishavuka mpaka, mkulima hana wa kumdai, na karo ya watoto imekwenda nalo.

Tatu, malipo ya chama yasipitie simu binafsi ya katibu wala ya mtunza hazina. Yaingie katika namba iliyosajiliwa kwa jina la chama, yaandikwe kitabuni siku hiyo hiyo, na stakabadhi itolewe.

Wala mwanachama asiye na simu asiachwe nyuma. Alipwe taslimu, mbele ya shahidi.

Ndugu Wanachama, simu imebadili njia ya fedha, haikubadili wajibu wa kuitunza. Mali bila daftari huisha bila habari.