Vipande vya Kigiriki katika Msamiati wa Tiba: Mada kwa Wakufunzi wa Uuguzi



Mwanafunzi anayekariri majina ya magonjwa neno kwa neno anajitwisha mzigo asiouhitaji. Sehemu kubwa ya majina hayo imeungwa kwa vipande vya Kigiriki, lugha ya maandishi yanayohusishwa na Hippocrates wa kisiwa cha Kos, na ambayo Galen aliitumia hata alipokuwa tabibu mjini Roma katika karne ya 2. Anayejua kwamba hepar ni ini, nephros ni figo, -algia ni maumivu na -ektomia ni kukata na kuondoa, atafumbua hata neno ambalo hajawahi kukutana nalo.

Kipande -itis kinastahili somo zima. Leo kinaashiria mchochota, yaani ule uvimbe wenye joto na maumivu. Kwa Wagiriki wa kale kilikuwa kiishio cha sifa tu: nephritis ilitokana na nephritis nosos, ugonjwa wa figo. Maana ya mchochota ilikuja baadaye sana. Hepatitisi, kwa mfano, sisi tunaiita homa ya ini, ilhali wengi wenye virusi vya hepatitisi B huishi miaka mingi bila homa wala dalili yoyote. Mtu wa namna hiyo akipewa jina hilo peke yake, si ajabu akaondoka akiamini vipimo vimekosea. Muuguzi anayejua jina limeundwaje atamweleza kwa Kiswahili chepesi kwamba virusi vinaweza kuliharibu ini hata mwili usipopata joto.

Tusiwafundishe wanafunzi, hata hivyo, kwamba vipande husema kweli daima. Anemia, kwa viungo vyake, ni kutokuwa na damu. Mgonjwa wetu anayo, ila imepungukiwa. Neno arteria nalo lilikuwa likitumika kwa koo la hewa, na baadhi ya matabibu wa kale waliamini mishipa inayoitwa hivyo leo hubeba hewa, kwa kuwa waliikuta mitupu katika maiti. Galen ndiye aliyeonyesha kwamba ina damu.

Hatari kubwa zaidi imo katika hypo- na hyper-, chini na juu. Vikitamkwa wodini, haipo na haipa hutenganishwa na irabu moja. Mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka akichomwa insulini kwa kudhaniwa imepanda, anaweza kufa. Kwa bahati njema, sikio la Mswahili tayari linajua kwamba “haipo” ni kukosekana. Mkufunzi alitumie hilo bila kusita, kisha asisitize kwamba katika cheti cha mgonjwa iandikwe wazi: sukari imeshuka, au sukari imepanda.

Ninaomba vipande hivi vifundishwe tangu wiki za mwanzo za mafunzo, kila kimoja kikiwa na maana yake ya Kiswahili kando, na mtihani umtake mwanafunzi amweleze mgonjwa ugonjwa wake bila kutumia hata kimoja.