Mganga Hajigangi, Wala Hajipimi Peke Yake



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo halimo katika mitihani yenu: mwanafunzi wa udaktari atajuaje kwamba kazi anaiweza?

Wako wanaojikweza. Hao wakishafaulu mtihani hudhani wamemaliza elimu. Wako pia wanaojidharau, ambao mikono huwatetemeka hata kwa jambo walilokwisha kulifanya vizuri mara nyingi. Watu hawa huonekana kuwa mbalimbali, lakini kosa lao ni moja: wote wawili hawaulizi. Wa kwanza hauliza kwa majivuno, wa pili kwa kuogopa kuchekwa. Na gharama ya ukimya huo hailipwi na mwanafunzi. Hulipwa na mgonjwa.

Historia inatufundisha. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, Daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi walikufa kwa wingi zaidi katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao kuliko katika wodi ya wakunga. Wasomi hao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Alipoamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini, vifo vilipungua sana. Hata hivyo madaktari wengi walimpinga. Hawakuwa wavivu wala wabaya. Walijiona safi, basi.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye mambo 19. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba, kwa hospitali zote nane, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ile haikumpa mpasuaji kisu kipya. Ilimtaka asimame, ataje jina la mgonjwa na kazi inayotaka kufanywa, na amsikilize muuguzi kabla ya kukata.

Ndugu zangu, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno na dharau. Daktari naye ni kiongozi, maana mgonjwa humkabidhi uhai wake. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila mwanafunzi awe na daftari la kazi alizozifanya kwa mikono yake, mbele ya nani, na alisahihishwa wapi. Daftari halina majivuno wala woga.

Pili, walimu wasahihishe bila kufedhehesha. Mwanafunzi aliyetukanwa mbele ya wagonjwa leo, kesho ataficha kosa lake.

Tatu, waulizeni wauguzi na wakunga. Wao wanaijua mikono yenu kuliko mnavyoijua ninyi.

Haya yafanyike sasa na katika mwaka wa utarajali, wakati mkubwa wenu bado yuko karibu. Baadaye wengi wenu mtapelekwa wilayani. Usiku ataletwa mama anayetokwa damu, na daktari bingwa yuko mbali. Saa hiyo mama yule hatasaidiwa na daktari anayejiona anaweza yote, wala na yule anayejiona hawezi lolote. Atasaidiwa na daktari anayejua hasa anachokiweza, na anayeomba msaada mapema kwa asichokiweza.

Kuuliza si ujinga.