Maneno ya Watu wa Yuda

Somo: 2 Samweli 19:41–43 na 20:1–2

Sisi ndugu zenu wa Mwihoko, ng'ambo ya Githurai upande wa Ruiru, twawakaribisha tena tukae pamoja kwa dakika chache mbele ya Neno la Mungu. Mama aliye jikoni na aendelee na kazi yake, ila asogeze redio karibu.

Juma hili twataka kusema nanyi juu ya kura ya maoni, na hasa juu ya siku ile inayofuata kura. Siku ya kura yenyewe haina maneno mengi. Mtu huamka alfajiri, hupanga foleni katika uwanja wa shule, hutiwa wino kidoleni, kisha hurudi kwake akaanza kungoja. Ni kesho yake, hesabu inapotangazwa, ndipo yaliyo moyoni hutoka nje. Aliyeshinda hupiga honi na kuimba njiani. Aliyeshindwa huzima redio na kufunga mlango mapema. Jumapili ikifika, wote wawili hukutana kwenye benchi moja kanisani, na kila mmoja hutazama mbele.

Mtauliza, je, si hivyo hivyo katika uchaguzi wa kawaida? Si hivyo kabisa, ndugu zetu. Katika uchaguzi, mtu aliyekosa rais wake huweza kupata mbunge wake, naye hujifariji kwamba baada ya miaka mitano atajaribu tena. Kura ya maoni huuliza taifa zima swali moja tu: Ndiyo au Hapana? Hakuna nusu. Aliyeshindwa huambiwa kwamba jambo lile alilolikataa ndilo litakalomtawala yeye na watoto wake, au kwamba lile alilolitamani limetupwa. Ndiyo maana uchungu wake hukaa siku nyingi.

Tangu tupate uhuru, nchi yetu ya Kenya imepita katika jambo hili mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 21 Novemba 2005. Waliotaka katiba ile walipewa alama ya ndizi, na walioikataa wakapewa chungwa. Matunda mawili mazuri aliyoyaumba Mungu, yasiyo na hatia yoyote, yakageuzwa kuwa matusi! Mtu alifikiri mara mbili kabla ya kumenya chungwa ndani ya matatu. Damu ilimwagika Kisumu hata kabla ya siku ya kura kufika. Matokeo yalipotoka, Hapana ilipata karibu asilimia 58 na Ndiyo karibu asilimia 42. Kati ya mikoa minane ya wakati ule, saba ilisema Hapana. Mkoa mmoja tu ulisema Ndiyo, nao ulikuwa huu wetu, Mkoa wa Kati.

Basi, walio na umri wa kukumbuka na wakumbuke siku zile hapa Mwihoko, na Ruiru, na Thika. "Wametukataa," ndivyo watu walivyosema. Liangalieni sana neno hilo. Hawakusema kwamba wenzao wameikataa katiba. Walisema, wametukataa sisi. Na kwa upande wa pili, wengi walioimba hawakuimba kwamba kifungu fulani kimekosa kukubaliwa. Waliimba kwamba jirani fulani amenyenyekezwa. Karatasi ya kura haikuwa na jina la kabila lolote. Watu ndio walioliandika, siku ya pili, kwa vinywa vyao.

Rais Mwai Kibaki alikubali kwamba upande wake umeshindwa, na hilo lilikuwa jema. Lakini tarehe 23 Novemba, siku mbili tu baada ya kura, alilivunja baraza lote la mawaziri. Na baraza jipya lilipotangazwa, mawaziri walioongoza upande wa chungwa hawakuonekana ndani yake. Nalo chungwa likawa chama cha siasa. Desemba 2007 kambi zile zilikutana tena katika uchaguzi, na yaliyofuata mwayajua: watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto, na ndani yake walikuwamo akina mama na watoto waliokimbilia humo. Katika majuma yaliyofuata, hapa kwetu Kiambu, wafanyakazi waliotoka magharibi mwa nchi walilala nje katika kituo cha polisi cha Tigoni, Limuru, wakiwaogopa watu waliokuwa majirani zao. Hatutaji la kwanza bila kutaja la pili. Anayekumbuka Kiambaa akasahau Tigoni bado hajaanza kuomboleza, na hali kadhalika anayekumbuka Tigoni akasahau Kiambaa.

Hatusemi kwamba kura ya mwaka 2005 ndiyo iliyoleta maovu hayo yote. Yalikuwapo mambo ya mashamba, na umaskini wa vijana, na hesabu ya uchaguzi wenyewe ambayo watu hawakuiamini. Lakini mipaka ilikuwa imekwisha kuchorwa, na hakuna aliyejitaabisha kuifuta.

Sasa tulifungue somo letu. Vita vya Absalomu vimekwisha. Mfalme Daudi anarudi nyumbani, anavuka Yordani. Watu wa Yuda, kabila lake mwenyewe, wamekwenda kumlaki na kumvusha. Ndipo wanakuja watu wa Israeli, yale makabila mengine, na kumwuliza mfalme kwa nini ndugu zao wa Yuda wamemchukua kama watu wanaoiba. Yuda wanajibu kwamba mfalme ni jamaa yao. Kwani wamekula nini cha mfalme hata watu wakasirike? Israeli nao wanasema kwamba wao wana mafungu kumi katika mfalme, na kwamba wao ndio waliotangulia kusema arudishwe. Kwa nini basi wanadharauliwa?

Mwaona jambo hili, wasikilizaji? Vita vimekwisha. Hakuna tena anayepinga Daudi asirudi. Wote wanamtaka. Wanagombania nani ni mwenye mfalme, na nani ni mgeni. Tena msomaji atazamie kwamba Daudi atasema neno la kuwapatanisha, kwa maana maneno yale yalisemwa mbele yake. Hatuoni neno lolote. Mwandishi anamaliza sura kwa kutuambia tu kwamba maneno ya Yuda yalikuwa makali kuliko ya Israeli.

Geuzeni ukurasa. Sura ya 20 inaanza na Sheba mwana wa Bikri, Mbenyamini, anayepiga baragumu na kuwaambia watu kwamba hawana sehemu katika Daudi, kila mtu arudi hemani kwake. Nao wanamfuata. Watu wale wale! Punde tu walikuwa wanadai mafungu kumi, na sasa hawataki hata moja. Maandiko yanamwita Sheba mtu asiyefaa, nasi hatumtetei. Lakini twauliza, baragumu ya mtu asiyefaa ingesikiwa na nani, kama watu wa Yuda wangalijibu kwa upole pale mtoni?

Mara ya pili taifa letu liliulizwa tarehe 4 Agosti 2010. Safari hii zilikuwa rangi: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa Hapana. Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga, waliokuwa ndizi na chungwa, walisimama pamoja upande wa kijani. Upande wa nyekundu alisimama William Ruto, na pamoja naye wakuu wa makanisa mengi, Wakatoliki na Waprotestanti. Makanisa yalikuwa na sababu zake. Yalitaka uhai wa mtoto aliye tumboni ulindwe bila mwanya, na kifungu cha 26 yaliona kina mwanya. Yalipinga pia mahakama za Kadhi kutajwa katika katiba, ijapokuwa zilikuwamo katika katiba tangu mwaka 1963, kwa ajili ya mapatano juu ya ukanda wa Pwani. Tarehe 13 Juni 2010, katika mkutano wa maombi wa upande wa Hapana pale Uhuru Park, mabomu yalilipuka. Watu walikufa, na wengi wakajeruhiwa.

Kura zilipohesabiwa, Ndiyo ilikuwa na 6,092,593 na Hapana 2,795,059. Safari hii mkoa uliobaki peke yake ulikuwa Bonde la Ufa. Na Mkoa wa Kati? Ulisema Ndiyo kwa wingi mkubwa. Maana yake ni nini? Ni kwamba Wakristo wengi wa hapa kwetu walisikia Hapana mimbarini siku ya Jumapili, wakaenda wakatia Ndiyo siku ya Jumatano. Jumapili iliyofuata, tarehe 8 Agosti, walirudi kanisani. Wako waliokuja wakicheka chini kwa chini na kuulizana kwa nini Mungu hakuwasikia maaskofu. Wako pia wahubiri waliopanda mimbarani na uso wa hasira, wakihubiri kana kwamba wana mbele yao watu walioikana imani.

Sisi twaamini kwamba wachungaji walikuwa na haki ya kusema yaliyo katika dhamiri zao. Mchungaji anayenyamaza kwa kuogopa hesabu ya kura si mchungaji. Lakini kumwambia mshiriki kwamba akitia alama ya kijani ameuacha wokovu, hilo hatukubali hata leo. Wapo mama wacha Mungu waliotia kijani kwa sababu katiba ile iliahidi binti aweze kurithi shamba la baba yake. Nani atawafukuza mezani pa Bwana?

Kwa mchungaji aliyeshindwa, Biblia inaye mtu wa kumfariji. Ni nabii Samweli. Watu walitaka mfalme. Samweli alikataa, akawaeleza wazi jinsi mfalme atakavyowachukua wana wao, na mashamba yao, na mifugo yao. Hawakumsikia. Soma sura ya 8 ya kitabu cha kwanza. Kisha ruka mpaka sura ya 12, uone alivyofanya mzee huyu aliyeshindwa. Hakubadilisha maneno yake. Bado anawaambia kwamba kumtaka mfalme kulikuwa uovu. Lakini papo hapo anasema kwamba kwake yeye ingekuwa dhambi kuacha kuwaombea, na kwamba ataendelea kuwafundisha njia njema. Ni yeye aliyemtia Sauli mafuta! Hakusubiri mfalme yule aanguke ili apate kusema, niliwaambia.

Viongozi wa Hapana walikubali matokeo tarehe 5 Agosti, na katiba ikatangazwa tarehe 27 mwezi ule ule. Bonde la Ufa halikuwaka moto. Twamshukuru Mungu kwa hilo, na twawashukuru pia wanadamu, kwa maana wako walioulinda ulimi wao pande zote mbili. Miaka imepita. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwatetea Waadventista Wasabato ili wanafunzi wao waweze kuabudu siku ya Jumamosi wakiwa shuleni, kwa nguvu ya kifungu cha 32 cha katiba ile ile. Na tarehe 13 Septemba 2022, pale Kasarani, si mbali na hapa tulipo, William Ruto aliishika Biblia akaapa kuilinda katiba ile aliyokuwa ameipinga. Wako wanaolicheka jambo hilo. Sisi hatulicheki. Mtu aliyeshindwa asipofukuzwa nyumbani, huenda siku moja ukamkuta ameshika ufunguo.

Hata sasa, kila baada ya muda, twasikia tena watu wakitaka twende kwenye kura ya maoni. Mpango wa BBI ulizuiwa na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022, lakini maneno hayajaisha wala hayataisha. Kwa hiyo twawaomba ninyi wa Mwihoko jambo dogo. Mji wetu una Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, Wakisii. Ploti moja ina milango kumi na mfereji mmoja wa maji. Jina lenyewe la mahali hapa, kwa Kikuyu, ni tegemeo, ni tumaini. Siku matokeo yatakapotangazwa, mtu wa upande ulioshinda na aende mferejini na ndoo yake asubuhi kama kawaida, amsalimu mwenzake kwa jina, asiulize habari ya kura. Na yule aliyeshindwa asichote maji usiku ili asionwe.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke waliofiwa Kiambaa, na waliolala nje Tigoni, na waliojeruhiwa Uhuru Park. Uwape watawala wetu masikio, hasa wakati wameshinda. Uwalinde wachungaji wetu wasiache kuwaombea wale wasiowasikia. Katika jina la Yesu. Amina.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na sura hii ya 20, tusome habari za yule mwanamke mwenye akili wa Abeli, aliyemwita Yoabu kutoka ukutani. Tafadhali someni kabla, mpaka mwisho wa sura, hata sehemu ile ngumu ya kichwa cha Sheba. Kwaherini.