Gharama ya Chuo Hadi Mwanafunzi Amalize

(Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi, Rudewa)



Mwanachama wa Rudewa mwenye kijana aliyemaliza Kidato cha Sita, akitafuta chuo kikuu cha binafsi kilicho karibu, hutazama Morogoro mjini. Viko viwili vitajwavyo sana. Chuo Kikuu cha Waislamu kilifunguliwa mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO. Jordan ni chuo cha Wasalvatoriani, kilichokua kutokana na taasisi yao ya falsafa na teolojia.

Mzazi huuliza ada tu, kisha huchagua iliyo ndogo. Hesabu hiyo ni pungufu. Chukulieni mfano wa vyuo viwili visivyo na jina. Cha kwanza hutoza shilingi 1,200,000 kwa mwaka, cha pili 1,500,000. Kwa miaka 3 ni 3,600,000 na 4,500,000. Lakini wakiingia vijana 100, cha kwanza wanamaliza 50, cha pili 90. Ikiwa wote wamelipa miaka yote, kila shahada iliyopatikana imegharimu wazazi 7,200,000 katika chuo cha kwanza, na 5,000,000 katika cha pili. Bado chakula, chumba na nauli.

Hata hivyo, wingi wa wanaomaliza nao waweza kudanganya. Tume ya Vyuo Vikuu huweka kiwango cha chini cha kujiunga na shahada: kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi zisizopungua 4. Chuo kinachopokea wenye pointi 10 na zaidi kitahitimisha wengi bila kufundisha vizuri kuliko jirani yake. Kwa hiyo mwenye mtoto wa pointi 4 aulize: wenye pointi kama zake wanamaliza wangapi?

Jambo hili ni zito kwa sababu ya deni. Aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya mwaka 2004, hudaiwa hata akiacha masomo njiani. Akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Na mzazi aliyekopa chamani hurejesha kwa mpunga wake, mtoto amalize asimalize.

Basi kabla kamati ya mikopo haijaidhinisha fedha, katibu akiandikie chuo: katika kozi hii, waliosajiliwa mwaka wa kwanza walikuwa wangapi, na wangapi kati ya hao hao walimaliza kwa wakati? Chuo kikijibu idadi ya waliovaa joho pekee, katibu aandike tena.